Sakafu ya karatasi za kaki: kutoka kung'oa polishi hadi mkono wa mwisho wa vanishi

Kila mgeni anayeingia sebuleni kwangu hapa Mtwara huvua ndala mlangoni, hukanyaga hatua mbili, halafu huinama na kupapasa chini. "Hii ni ngozi?" Si ngozi. "Basi mawe?" Si mawe. Nikimwambia ni mifuko ya saruji hucheka, na akimaliza kucheka huanza maswali, yale yale ya mgeni wa jana. Haiharibiki kwa maji? Mende hawali? Gundi gani? Mbona mimi nilijaribu ikabanduka?

Nimeyajibu barazani, dukani, na kwa simu za usiku. Sasa nayaandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamtumia haya.

Kazi yenyewe ni hii: unararua karatasi ngumu ya kahawia vipande vipande, unaifinya, unailoweka kwenye gundi, unaibandika sakafuni ikipandiana, ikikauka unaifunika kwa vanishi mikono minane au zaidi, na mkono mmoja ni kupaka sakafu yote mara moja. Mikunjo ya karatasi ndiyo inayotoa ile michirizi kama ya ngozi ya zamani. Kubandika ni sehemu rahisi kuliko zote, mtoto wa darasa la nne anaiweza. Sakafu hii huuawa na kilichoko chini yake au kilichoko juu yake, yaani saruji isiyoandaliwa na vanishi iliyofanyiwa ubahili. Utaona huko mbele nimeshikilia hayo mawili kuliko mengine.

Usiifanye bafuni. Usiifanye jikoni kama vyombo vinaoshewa chini, wala kibarazani panaponyeshewa. Chumba cha kulala, sebule na ukumbi ndiyo mahali pake.

Kuhusu majira, kwa huku kwetu subiri Juni mpaka Oktoba. Mvua zimekwisha, kusi linavuma, nguo zinakauka nusu siku, na gundi vilevile. Shangazi yangu wa Lindi alianza Februari kwa sababu alikuwa na wageni wa harusi wanakuja. Habari zake ziko mwishoni.

Uwe na vitu hivi kabla hujagusa sakafu

Nachukulia chumba cha mita 3 kwa 4, yaani mita za mraba 12. Chako kikiwa kikubwa, zidisha.

Karatasi. Kwa kuwa vipande vinapandiana, tafuta ya kutosha mara moja na nusu ya eneo, yaani mita za mraba 18. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ukifunguliwa, karatasi moja yake safi hutoa kama nusu mita ya mraba, kwa hiyo kusanya mifuko 40 hivi ili na ya akiba iwepo. Nenda kwenye nyumba zinazojengwa, zungumza na fundi mwashi kabla hajaichoma. Iwe mifuko ya karatasi. Ile iliyofumwa kwa nailoni haifai hata kidogo. Mfuko wa karatasi mara nyingi una tabaka zaidi ya moja: ya ndani imejaa vumbi la saruji, itupe, ya nje ina maandishi, na wino huweza kuonekana vanishi ikipita. Tumia sehemu safi tu. Ikung'utie nje, upepo ukiwa mgongoni mwako, na barakoa usoni, maana saruji kavu ikikutana na jasho huunguza ngozi.

Kama mifuko ya saruji inakutia uvivu, nunua karatasi ya kaki steshenari, au kusanya ile mifuko ya kaki iliyoenea madukani tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Juni 2019. Iliyobeba chipsi au maandazi iache, gundi haishiki penye mafuta. Na usithubutu kuleta ndani mfuko wowote uliobeba salfa au dawa ya mikorosho, hata ukiwa mzuri namna gani. Utalala juu ya hicho kitu miaka.

Gundi. Gundi nyeupe ya mafundi seremala, ile inayochanganyika na maji, lita 5. Gundi ya viatu hapana. Uji wa ngano hapana, huo ni chakula cha mende.

Vanishi. Tafuta ya sakafu, iliyoandikwa poliyurethani kwenye kopo. Ya samani ni laini mno, itachubuka kwa miguu ya viti. Lita moja hupaka karibu mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo mikono minane inataka lita 8 mpaka 10. Hapa ndipo pesa yote inapokwenda, na karibu kila mtu hukata hapa. Kama huna ya vanishi yote, subiri ukavune korosho kwanza ndipo uanze.

Vingine: brashi pana na rola, ndoo mbili, beseni, msasa namba 60 na 220, stili waya, mafuta ya taa, sabuni ya unga, nailoni ngumu, utepe wa gundi, glovu, barakoa, wembe, na bomba jipya la sindano kutoka duka la dawa. Pia kibao chochote cha kujaribia. Kila utakachofanya sakafuni kifanye kwanza kwenye kibao.

Hatua zenyewe

1. Pima unyevu. Kata nailoni mraba wa nusu mita, itandaze sakafuni, ziba kingo zote nne kwa utepe, iache saa 24. Fanya sehemu mbili, katikati ya chumba na karibu na ukuta wa nje. Ukifunua ukakuta matone, au saruji imekuwa nyeusi kuliko pembeni, maji yanapanda kutoka ardhini, na hakuna gundi itakayoyashinda. Unga mweupe wa chumvi unaorudi kila ukifagia ni dalili hiyo hiyo. Hapo tandika mkeka, pesa yako ikae salama. Zege jipya nalo liache miezi miwili au mitatu, halafu ulipime vilevile.

2. Ng'oa polishi. Hii ndiyo hatua iliyonivunja mimi. Sakafu yangu ya kwanza ilikuwa chumba alichokuwa akilala mama, na mama alikuwa na polishi yake nyekundu kila Jumamosi, miaka na miaka, mpaka ukiinama unajiona. Nilideki kwa sabuni, nikaona pamekauka, nikabandika. Siku ya sita karatasi ya karibu na kitanda ilinyanyuka nzima, laini, kama utando wa juu ya maziwa yaliyopoa. Nilipoigeuza, upande wa chini ulikuwa mwekundu. Gundi ilikuwa imeshika vizuri kabisa, lakini ilishika polishi, na polishi haikushika chochote.

Kwa hiyo: kwangua kwanza kwa kisu kipana. Kisha lowesha stili waya mafuta ya taa, sugua kipande kwa kipande, futa kwa tambara, sugua tena mpaka tambara litoke bila rangi. Halafu maji ya moto na sabuni ya unga, ili kuyaondoa hayo mafuta ya taa yenyewe. Suuza mara mbili. Ikikauka, pitisha msasa namba 60 sakafu yote, hasa kama ni ya niru, ile saruji tupu iliyolainishwa juu, maana niru inateleza na gundi inataka pa kung'ang'ania.

Sasa jaribio. Dondosha matone ya maji sehemu kumi tofauti. Yakinyweka, endelea. Yakisimama kama matone juu ya jani la mgomba, polishi bado ipo, rudi kusugua. Usijidanganye hapa.

Jiko la mkaa litoke nje, mshumaa uzimwe, na udi usichomwe siku ya mafuta ya taa wala siku za vanishi. Madirisha yote wazi.

3. Ziba nyufa na mashimo kwa saruji, palainishe. Karatasi haifichi kitu, mchanga punje moja utauona kila siku kama chunusi. Na kama nyumba yako ina mchwa, malizana nao sasa. Mchwa anakula karatasi, na ufa wa sakafu ndiyo mlango wake.

4. Changanya gundi kopo moja kwa maji makopo matatu, paka sakafu yote kwa rola, iache ilale mpaka kesho. Saruji ikishakunywa hiyo, haitanyonya gundi ya karatasi zako.

5. Rarua karatasi. Kwa mikono, mkasi usiuguse. Kingo iliyoraruliwa ni nyembamba na yenye nyuzi, hulala chini na kupotea. Kingo ya mkasi hubaki mstari unaoonekana mpaka mwisho. Saizi zichanganye, vingine kiganja, vingine sahani ya chakula. Vile vyenye upande ulionyooka kiwandani vitenge rundo lake, ni vya kando ya kuta. Vyenye maandishi mekundu au meusi vitupe, au vitumie vikiwa vimefunikwa kabisa na vipande vingine.

6. Finya kila kipande mpaka kiwe donge, kifungue, kifinye tena. Watu huona aibu kufinya sana, karatasi inabaki ngumu kama bahasha. Finya kama unafua leso. Watoto wapewe kazi hii, jioni moja inaisha.

7. Changanya gundi ya kubandikia: kopo moja kwa kopo moja la maji, ndani ya beseni. Usichanganye yote, changanya ya saa moja. Anzia kona ya mbali na mlango, usije ukajifungia ndani kama jirani yangu aliyetokea dirishani na glovu zake.

Tanguliza vipande vya kando ya ukuta. Tumbukiza kipande, kizungushe kishike pande zote, kitoe, kikamue kwa vidole viwili kisichuruzike. Kisikae ndani zaidi ya nusu dakika, karatasi itaanza kumeguka. Kiweke, halafu kitandaze kwa viganja kuanzia katikati kwenda nje. Kinachotakiwa kutoka ni hewa. Mikunjo ibaki! Kila mwanafunzi wangu wa kwanza huivuta mpaka inyooke kama shuka ya hospitali, na sakafu inakuwa sura moja. Kipande kinachofuata kilalie juu ya mwenzake sentimita 3 hadi 5. Usifuate mstari, kikubwa, kidogo, kulia, kushoto. Kila baada ya vipande kumi hivi simama, angalia kwa mbali.

Gundi iliyobaki juu ifute kwa kitambaa chenye unyevu kabla haijakauka. Ukiona weupe kama maziwa usishtuke, hupotea. Lakini madimbwi ya gundi yakikaukia juu hutengeneza madoa yanayong'aa, na rangi haitapenya hapo.

8. Acha ikauke. Siku mbili za kusi, tatu kama hewa ni nzito. Karatasi itavuta na kujinyoosha yenyewe, utasikia sauti ndogo za kutatarika usiku wa kwanza. Weka kiganja: penye ubaridi bado pana maji. Feni isaidie, jua la moja kwa moja lisiingie, litakausha juu na kuacha chini mbichi.

Kisha tafuta malengelenge. Gonga kwa kucha, palipo na hewa pana sauti ya utupu. Chana kidogo kwa wembe, ingiza gundi kwa bomba la sindano, bonyeza, weka nailoni na kitabu kizito juu mpaka asubuhi.

9. Rangi, ukitaka. Mimi sipaki, kahawia ya kaki inanitosha. Ukitaka giza zaidi, rangi ya mbao ya mafundi seremala inafaa, ipakwe kwa tambara na kufutwa papo hapo. Lakini jaribu kwanza kwenye kibao pamoja na vanishi yake, kwa sababu vanishi ya mafuta peke yake huigeuza karatasi ikawa rangi ya asali na miaka ikipita huzidi. Ya maji huiacha karibu na ilivyo.

10. Vanishi. Fagia, futa vumbi, funga mlango watoto na kuku wasipite. Kopo likoroge polepole kwa kijiti. Ukilitikisa unaingiza mapovu, na mapovu yatakaukia sakafuni. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, karatasi itaunywa na kubaki na mabaka, ndivyo inavyotakiwa. Subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, siyo muda unaoona wewe.

Mkono wa pili. Wa tatu. Mpaka hapo msasa hauguswi, maana ukisugua mapema unafika kwenye karatasi, na kidonda cha karatasi hakifichiki. Baada ya wa tatu, pitisha msasa namba 220 kwa mkono mwepesi, futa vumbi lote, paka wa nne. Halafu msasa kila baada ya mikono miwili. Mikono myembamba minane inashinda minene minne, kwa sababu mnene hukauka juu na kubaki unanata ndani. Ukumbini na mlangoni mimi hupaka kumi.

Kama kusi linavuma kwa nguvu na vumbi la barabara, paka asubuhi mapema, fungua dirisha la upande usiopigwa na upepo. Na vaa barakoa, vanishi ya mafuta inapanda kichwani.

Matambara yaliyolowa vanishi ya mafuta au mafuta ya rangi ya mbao usiyarundike. Rundo hujipasha moto lenyewe na linaweza kuwaka. Yatandaze nje, moja moja, yakauke.

11. Subiri. Baada ya saa 24 unaweza kupita kwa soksi. Samani baada ya wiki, na uzibebe, usiziburute. Mkeka au zulia lingoje mwezi, vanishi inaendelea kukomaa ingawa imekauka kwa kugusa.

Kuishi nayo

Adui wake huku kwetu ni mchanga. Ukiingia nao kutoka ufukweni ni msasa chini ya nyayo, basi weka kipangusio mlangoni na ndala zibaki nje. Deki kwa tambara lililokamuliwa, usimwage ndoo. Mbuzi ya kukunia nazi na kinu viende uani. Chini ya miguu ya viti gundisha vipande vya zulia kuukuu. Ndala zilizokatwa watu wanazipenda, lakini mpira huweza kuacha doa kwenye vanishi.

Ikiharibika

Madoa meupe ya ukungu ndani ya vanishi. Hilo ndilo lililompata shangazi na Februari yake. Karatasi haikuwa imekauka, au hewa ilikuwa na maji wakati wa kupaka. Acha kazi, fungua madirisha, ngoja siku kavu. Weupe wa juu huondoka kwa msasa mwepesi na mkono mpya. Ulioko chini kwenye karatasi hautoki bila kubandua pale. Shangazi alibandua kama robo ya sebule, harusi ikapita na mkeka.

Kingo zinanyanyuka kando ya ukuta. Kama ni baada ya wiki chache, gundi haikufika pembeni: ingiza kwa bomba la sindano, bonyeza. Kama ni sehemu kubwa na inatoka kwa wepesi, geuza uangalie upande wa chini. Mwekundu? Rudi hatua ya 2.

Doa jeusi linalopanuka, hasa masika. Ni maji ya ardhini au bomba linalovuja. Tafuta chanzo kabla ya kitu kingine, karatasi mpya itafanya hivyo hivyo.

Vanishi inanata baada ya siku tatu. Umepaka nene, au umepaka wa pili wa kwanza haujakauka. Mpe hewa wiki nzima. Ikigoma, kwangua mkono huo peke yake, safisha, paka upya mwembamba.

Mende. Karatasi iliyofungwa na vanishi hawaifikii. Wakiguguna, tafuta kingo ambayo vanishi haikupita, mara nyingi kizingitini na nyuma ya mlango.

Tundu au mkwaruzo mkubwa. Sugua eneo kwa msasa, rarua kipande kinachozidi tundu kila upande, kifinye, kibandike, kikikauka kipe vanishi mikono yote ile ile. Kwa ajili hiyo, ukimaliza kazi weka vipande kumi vya akiba ndani ya bahasha uvunguni mwa kitanda, vya mifuko ile ile. Kaki ya mfuko mwingine ina kahawia yake, na kiraka chako kitasalimia wageni kabla yako.